Kariuki au Gari Lake: Kuuzunguka Mlima kwa Wikendi Moja

Nimechoka kuulizwa kwenye korido. Tangu shule zifunguliwe, kila nikiingia chumba cha walimu mnashusha sauti, mnanimiminia chai kabla ya mwalimu mkuu, kisha mmoja wenu anauliza, "Sasa, Nekesa, ilikuwaje?" huku wengine mkijifanya mnasahihisha vitabu. Basi nimeandika. Someni wote kwa pamoja, mniache ninywe chai yangu ikiwa bado moto.

Kwa kuwa najua karatasi hizi zitapita mikono mingi, wacha nianze na yale ambayo wengine hawayajui. Kariuki ana duka la vifaa vya stima pale Othaya. Ana pia gari la buluu iliyokoza, la chini chini, ambalo mngurumo wake hufika kabla yake. Kwa miezi minne alikuwa akinijia kila Jumamosi, tunazunguka: Mukurwe-ini, Mweiga, mara moja mpaka Murang'a na kurudi bila sababu yoyote. Kisha akaniuliza kama wazee wake wanaweza kwenda kwetu Bungoma kujitambulisha. Nikamwambia nitamjibu baada ya safari. Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda Chogoria, upande wa pili wa mlima, akanitambulishe kwa shangazi aliyemlea, halafu turudi kwa njia ya Embu. Baba yangu alikuwa amesema hataki hadithi ndefu: Jumapili jioni nimpigie simu, nimwambie wageni waje au wasije, kwa sababu naye ana ndugu wa kuwaita na nyumba ya kupaka rangi.

Shida yangu sikumwambia mtu. Ndani ya gari nilimpenda Kariuki kupita kiasi. Nje ya gari sikuwa na uhakika. Tukikaa hotelini, yeye na mimi na chapati zetu, moyo wangu ulikuwa kimya kabisa. Aliniuliza habari za wanafunzi, nikamjibu, huku natazama funguo za gari juu ya meza. Na mwanamke wa umri wangu hawezi kuolewa na funguo. Nilianza safari ile na hofu hiyo, na haikunitoka siku zote mbili.

Nyeri hadi Naro Moru

Tuliondoka Jumamosi asubuhi, baada ya mimi kubadilisha nguo mara kadhaa. Kariuki alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi likapigika, na macho yake yalikuwa mekundu kidogo. Nilidhani ni furaha iliyomnyima usingizi.

"Uko ready, Mwalimu?"

"Niko tayari. Leo twende polepole, sawa?"

Akanitazama. "Polepole ya ukweli, ama ile yako?"

Nikacheka, naye akakanyaga mafuta.

Sijui niwaelezeje jambo hili bila aibu, lakini mimi ndiye mwalimu wa ushauri nasaha na nimewaeleza wasichana mambo mazito kuliko haya. Mtetemo wa injini ulipanda kutoka sakafuni, ukapita nyayo, ukapita mapaja, ukaishia mahali ambapo sitapataja kwa kuwa mwalimu mkuu naye atasoma. Kona za Kiganjo zilinisukuma mlangoni, kisha zikanirudisha upande wake. Mkanda ukanibana kifuani. Harufu ya viti vilivyopanguswa kwa mafuta, jua kwenye mkono wake uliolala juu ya gia, sauti ya injini ikishuka na kupanda, vyote viliniingia kwa pamoja, na koo likanikauka. Tulipoipita Chaka barabara ikanyooka, akaliachia gari. Nilitaka aache, na nilitaka asiache, na sikujua ni lipi nililolitaka zaidi. Ngozi yote ilikuwa macho.

Wasichana wa kidato cha tatu huwa nawaambia hivi: mwili una ngoma moja tu. Ukikimbizwa na mbwa, inapiga. Ukimwona mvulana unayempenda, inapiga ile ile. Jasho ni lile lile na mate yanakauka vile vile. Akili ndiyo inayokuja nyuma na kuipa ngoma jina, na akili ina haraka, inachukua jina la kitu kilicho karibu. Kwa hiyo, nawaambia, usimwamini mvulana aliyekushika mkono mkimtoroka mbwa. Huwa wanacheka sana. Mimi mwenyewe, kati ya Chaka na Naro Moru, sikucheka. Kitu kilichokuwa karibu nami kilikuwa Kariuki.

Nanyuki

Nilidhani tutakunywa chai Nanyuki na kuendelea. Kariuki akakata kona akaingia pale wanapoosha magari.

"Lakini ni safi," nikamwambia.

"Imeshika vumbi ya Naro Moru. Tata hawezi ona gari ikiwa hivi."

Tata ni shangazi. Basi tukakaa. Sijui kama mmewahi kutazama wanaume mahali pale siku ya Jumamosi. Wameketi kwenye viti vya plastiki, wamepewa sahani ya nyama, hawasemi neno. Wanatazama povu likiteremka kwenye mabega ya magari yao, na nyuso zao zimelainika kama za watu walio kanisani. Kariuki hakuweza hata kukaa. Alichukua kitambaa kutoka kwa mwoshaji akaanza kupangusa taa yeye mwenyewe, taratibu, akizunguka na kurudi, akiinama kutazama kama kumebaki alama. Uso wake ulitulia kabisa. Sikuwahi kuuona hivyo akiwa anaendesha, na sikujiuliza kwa nini. Nilichohisi ni wivu. Nawaambia ukweli, nililionea gari wivu.

Kando yangu alikuwa ameketi mama mmoja mwenye kikapu cha viazi, akimsubiri mumewe. Alinitazama, akamtazama Kariuki, akanitazama tena.

"Huyo ni bwana yako?"

"Bado."

"Alikupata akiwa na gari?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Wangu pia alinipata na gari. Pick-up nyekundu. Uui! Tulikuwa tunaenda mpaka Rumuruti, vumbi inaingia kwa meno, mimi nacheka tu. Tukaoana. Halafu pick-up ikauzwa, tukanunua ng'ombe. Jioni ya kwanza tumekaa kwa nyumba bila gari, nikamwangalia, nikajiuliza, ati huyu ni nani?"

"Na sasa?"

"Sasa tuko na gari ingine," akasema, na akanionyesha kwa kidevu gari jeupe lililojaa povu. Akacheka sana. Nilisubiri aniambie kama ni kicheko cha raha au cha msiba, lakini mumewe akamwita, akabeba kikapu chake akaenda. Chai yangu ilikuwa imepoa. Nikala samosa niliyoagiza nayo bila kusikia ladha yake.

Timau hadi Meru

Baada ya Timau ukungu uliteremka ghafla. Mashamba ya ngano yakapotea pande zote, tukabaki na kipande cha barabara mbele na lori la viazi lililotambaa. Kariuki alilifuata kwa muda. Nilimwona akinitupia jicho, mara moja, mara mbili. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa kiti na midomo wazi, na nadhani nilikuwa natabasamu.

Akatoka kulipita lori.

Tulipokuwa sambamba nalo, taa mbili zikatokea kwenye ukungu mbele yetu. Lori la viazi halikupunguza mwendo. Zile taa hazikupunguza. Kariuki alikanyaga tu, injini ikalia sauti ambayo sijawahi kuisikia, na tukaingia mbele ya lori huku honi zote mbili zikitutukana. Kitu kikubwa kikapita dirishani kwake kwa upepo mmoja.

Alisimamisha gari kando ya barabara. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye nywele mpaka kwenye kola. Anahema. Mimi natetemeka mwili mzima, na damu inanipiga masikioni, na nawaapia sijawahi kumtamani mtu katika maisha yangu kama nilivyomtamani yule mwanaume pale kando ya barabara ya Timau. Nilimshika mkono. Ulikuwa baridi na umelowa. Nikafikiri, anahisi ninavyohisi.

"Uko sawa?" akaniuliza.

Jibu la kumpa baba lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Waje. Waje hata kesho. Niliuma ulimi kweli kweli mpaka ukauma, kwa sababu nilikumbuka wasichana wangu na yule mbwa.

"Niko sawa," nikasema.

Meru tuliagiza nyama na mukimo wa viazi. Nilikula yangu yote, kwa sababu woga wa barabara ukinitoka njaa huingia. Kariuki alichezea chakula kwa uma, akasema ameshiba. Nikajiambia, mtu aliyependa hali chakula. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisoma kila kitu siku ile.

Chogoria

Wanjiru, wewe ndiye uliyeniponza, na nitalisema mbele ya wote. Ijumaa kabla ya safari, pale kwenye dirisha la chumba cha walimu, uliniambia kwamba kwenu Nyeri msichana akipewa kinywaji mbele ya wakubwa, akaonja, basi amekubali kuolewa, na asipoonja wazee wanachukua vitu vyao wanarudi. Hukuniambia ni kinywaji gani, wala ni wapi, wala mbele ya nani.

Tata Wangari aliolewa Chogoria kutoka Nyeri akiwa msichana. Ni mwanamke mfupi mwenye mikono ya mtu aliyechuna majani chai maisha yake yote. Alimkumbatia Kariuki, akanikumbatia mimi, akaniketisha kwenye kiti kizuri. Majirani wawili, wanawake wa rika lake, walikuwa wameshafika na kujipanga ukutani, wakinitazama kutoka viatu kwenda juu. Kisha Tata akaleta kibuyu cha uji uliochachuka, akamimina kwenye kikombe kikubwa, akakipangusa mdomo kwa kiganja, akanipa kwa mikono miwili.

"Kunywa, mwarimu. Umetoka mbari."

Nilikipokea. Chumba chote kiliningojea. Nikatazama ule uji, nikamwona baba yangu, nikawaona ng'ombe wa mahari.

"Asante Tata. Nitakunywa baadaye kidogo."

"Uji ni ya sasa."

"Sisikii kiu."

"Ati kiu? Hii si ya kiu. Ni ya kukukaribisha."

Jirani mmoja akanong'ona kitu, mwenzake akaguna. Tata akainama kutazama ndani ya kikombe. "Ama umeona kitu imeingia?"

"Hapana, Tata. Ni tumbo. Barabara ilikuwa na kona nyingi."

Hilo likazidisha mambo. Tata alinitazama tumboni, akamtazama Kariuki, na macho yake yakajaa hesabu ya miezi. "Kariuki," akasema polepole, "huyu msichana hana neno ya kuniambia?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Kikombe kiliinama, uji ukanimwagikia vidoleni, na sikuthubutu hata kuulamba. Hapo Kariuki akainuka. Akakitoa kikombe mikononi mwangu, akakinywa chote kwa pumzi moja akiwa amesimama, akajifuta mdomo.

"Ni mimi nilimwendesha vibaya, Tata. Barabara imemchosha. Mpe maji."

Wanawake wakacheka, wakamsuta kwa kuendesha kama mwendawazimu, na mazungumzo yakageukia bei ya mbolea. Nikapewa maji. Niliyatazama na hayo kwanza kabla ya kuyanywa. Kariuki alirudi kwenye kiti chake, na jioni yote hakunitazama.

Mteremko wa Nithi

Jumapili tulienda kanisani na Tata. Ibada ilikuwa ndefu na mimi sikusikia chochote. Nilikuwa nahesabu saa zilizobaki kabla ya simu ya baba. Tuliaga, tukapewa ndizi na parachichi za kutosha kufungua kibanda, tukashika barabara ya Chuka.

Kabla ya barabara kuanza kuteremka kwenda kwenye daraja la Nithi, linalojulikana kwa ajali, Kariuki alisimamisha gari kando. Magari mengine yalikuwa yakitupita na kupotea kule chini kwenye kona.

"Siwezi," akasema.

"Huwezi nini?"

"Kushuka. Nipe muda kidogo."

Akatoka, akakaa kwenye jiwe. Nilimfuata nikidhani ni mgonjwa.

"Jana ulikataa uji," akasema.

"Nilikwambia ni tumbo."

"Sio tumbo. Nekesa, mimi ni mtu wa Nyeri. Hiyo mambo ya kuonja ni ya pombe ya wazee, na inafanywa kwenu, mbele ya baba yako. Uji ya Tata ni uji tu. Angekupea hata kama umekuja kusoma mita ya stima. Lakini naona mtu alikuambia nusu, wewe ukafikiria ni ile, na ukakataa. Kwa hivyo najua hujaamua."

Nikakaa kwenye nyasi kando ya jiwe lake.

"Naweza kukuuliza kitu? Ukiwa ndani ya hii gari, ni mimi unapenda, ama ni gari?"

Swali nililolificha miezi minne, yeye ndiye aliyelitoa nje, kwenye jiwe, kando ya barabara, na malori yakipita. Nilihisi baridi.

"Sijui," nikamwambia. "Kusema kweli sijui, Kariuki."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeletewa bili aliyoitarajia. "Sawa. Basi na mimi nikwambie. Mimi naogopa. Siku ya kwanza, pale Kiganjo, niliingia kona vibaya. Nilijua tumekufa. Nikakuangalia, wewe unacheka, umenishika mkono na mikono yote mbili. Hakuna mtu amewahi kunishika hivyo. Nikasema, kumbe ni hii anataka. Tangu hiyo siku, kila Jumamosi asubuhi natapika ndio nikuje kwako."

"Unatapika?"

"Hata jana. Na pale Timau nilijua ni mwisho. Nikakuangalia tena, na ukanishika tena."

Nilicheka. Sikukusudia, kilinitoka tu, na mara kikageuka kikawa machozi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wangu mimi nilimsifu mpaka akakaribia kututia sisi kaburini. Macho mekundu, jasho, mikono ya baridi, chakula kisicholika: mimi, mwalimu wa ushauri nasaha, nilivisoma vyote kama mapenzi, kumbe mtu alikuwa anakufa kwa woga mbele yangu. Ngoma yangu niliipa jina vibaya. Yake pia niliipa jina vibaya.

"Sasa gari kama hii ulinunua ya nini?"

"Kuosha," akasema. Alijifikiria kidogo. "Kuangalia. Nikiwa na mambo mingi kwa kichwa, nafungua bonnet nasimama hapo tu, naskia roho imetulia. Mimi naipenda ikiwa imesimama."

Nithi hadi Embu

Alishuka Nithi kwa gia ya kwanza, nyuma ya lori la majani chai, akishikilia usukani kwa mikono miwili. Na mimi nikajisikiliza. Nilisubiri ngoma. Tulipita daraja, tukaanza kupanda, na kifuani mwangu hakuna kitu. Hapo ndipo hofu ya kweli iliponishika. Nilikuwa nimeketi na mwanaume mwema aliyeninywea uji, na mwili wangu ulikuwa umetulia kama siku ya kusimamia mtihani.

Kutoka Chuka aliendesha mwendo wake mwenyewe. Sijui niwaelezeje mwendo huo. Kila kitu kilitupita. Lori la mchanga lilitupita. Bodaboda iliyobeba godoro na mwenye godoro ilitupita, na yule mwenye godoro akainama kutazama ndani kama tuna mgonjwa. Gari lile la chini, lenye mngurumo ule, likitambaa! Watu wa vituoni walisimama kutushangaa. Niliona aibu, kisha nikaona hasira, kisha nikaionea aibu hasira yangu. Nikajiuliza, ndoa yenyewe ndiyo hii?

Embu tuliingia hoteli ya kawaida. Kariuki aliagiza wali na maharagwe, akamaliza, akaagiza tena pamoja na nyama. Kwa miezi minne sikuwahi kumwona akila akashiba katika safari. Alikuwa mwepesi kama mtu aliyetua gunia. Alinisimulia jinsi Tata alivyokuwa akimpeleka shuleni, naye analia, na jinsi alivyoogopa pikipiki, na ngazi, na bata wa jirani.

"Na stima huogopi?"

"Stima ukiiheshimu haikufanyi kitu. Ni kona ziko na tabia mbaya."

Nilicheka kweli. Lakini moyo ulikuwa pale pale, kimya, na jua lilikuwa limeanza kuegemea upande wa pili. Nilikuwa bado sijui nimwambie baba nini. Kariuki hakuuliza tena. Nadhani alikuwa ameshajijibu mwenyewe.

Kutus hadi Karatina

Karibu na Kutus nikamwambia, "Wacha niendeshe."

Alishangaa. Hakuwa amejua kwamba nina leseni. Kaka yangu alinifundisha kwenye pick-up ya kubebea miwa, na nilipofika Nyeri sikuona sababu ya kumwambia mtu. Alisimamisha, akazunguka, akaniachia kiti bila neno, akafunga mkanda mara mbili kuhakikisha.

Nikaliwasha. Mashamba ya mpunga yalikuwa yamejaa maji pande zote, barabara imenyooka. Nilipobadilisha gia, lile gari likaniitikia mpaka kwenye mgongo. Usukani ulikuwa na joto la mikono yake, kisha ukawa na joto la mikono yangu. Nikakanyaga kidogo, nikakanyaga tena, na ngoma ikaanza. Ile ile. Koo, viganja, mapaja, vyote. Nilipolielekeza kwenye kona likaja, na tumbo likabaki nyuma, na nikapiga yowe dogo peke yangu. Ilikuwa raha tupu, wala haikumhitaji Kariuki hata kidogo.

Basi nikawa nimepata jibu, na jibu lilinitisha kuliko swali. Ngoma ilikuwa ya barabara. Ilikuwa ya barabara tangu siku ya kwanza. Sasa Kariuki amebaki na nini?

Niligeuka kumtazama. Alikuwa amelala.

Mtu anayeogopa bata alikuwa amelala fofofo kando yangu, mdomo wazi, kichwa kimelegea kwenye mkanda. Tulikuwa tumepanga kula samaki Sagana, na mnanijua mimi na samaki. Nilipita Sagana bila kusimama, nikasikia harufu ya mafuta ikiingia dirishani, nikafunga dirisha. Baada ya hapo barabara inapanda kwenda Karatina, pana, yenye kona ndefu zinazokuita. Nilitaka kuliachia. Mguu wenyewe ulitaka. Nikakanyaga, gari likainama kwenye kona, na kichwa cha Kariuki kikateleza kikagonga kioo, ko.

Nikaondoa mguu.

Hakuamka. Alitafuna mate, akageuka upande wangu, akaendelea. Kutoka pale niliendesha nikimsikiliza yeye badala ya injini. Matuta ya Karatina niliyapita tairi moja moja kama niliyebeba trei ya mayai. Wauza ndizi walilikimbilia gari, mmoja akainua mkono kugonga dirisha, nikaweka kidole mdomoni mwangu, naye akaona, akashusha mkono, akawaashiria wenzake. Lori likatupita, halafu jingine. Niliogopa honi zao. Niliogopa kila shimo. Sijawahi kuwa na wasiwasi kiasi kile barabarani, na wala moyo haukwenda mbio.

Nyeri

Nilizima injini nje ya geti langu. Jua lilikuwa karibu kuzama nyuma ya Nyandarua. Mlinzi alitoka kufungua, nikamwashiria aache. Nikakaa. Gari likapoa likitoa vile vimlio vidogo vya chuma. Kariuki akaanza kukoroma, si sana. Nikakaa tena.

Simu ikatetemeka mapajani. Ni baba, amechoka kungoja. Tuliongea Kibukusu, nawatafsiria.

"Nekesa. Waje au wasije?"

Nilimtazama Kariuki. "Baba," nikasema, "ngoja kwanza."

"Mbona unanong'ona? Uko wapi?"

"Niko kwenye gari. Kuna mtu amelala hapa, sitaki aamke."

Nilisikia redio yake ikiongea nyuma. Kisha akaizima.

"Ni huyo Kariuki?"

"Ndiye."

"Sasa anayeendesha ni nani?"

"Ni mimi. Lakini tumeshafika, baba. Tumefika kitambo."

"Mmefika kitambo na hujamwamsha?"

"Sijamwamsha."

Baba akakohoa kile kikohozi chake cha kuficha kicheko.

"Basi akiamka," akasema, "mwambie waje kabla ya mvua, njia yetu ina matope." Na akakata simu.